Mashine ya kuchomelea ya kuanzia kwa matengenezo ya gari nyumbani: ipi ununue, ipi uiache

Muuzaji wa mashine za kuchomelea hupenda kukutajia namba kubwa: hii ni ampea (kipimo cha nguvu ya mkondo wa umeme) 200, ile 250. Kwa kazi ya gari usiihangaikie sana. Bati la mlango, boneti au matagadi huwa na unene wa takriban milimita 0.6 hadi 1.0, na taabu yake ni moto kuzidi. Unagusa kidogo, tundu. Unataka kuliziba, linapanuka. Muulize namba ya chini: inashuka hadi ampea ngapi, na ikifika huko moto unatulia au unakatikakatika? Inayoshuka hadi 30 na bado ikawaka vizuri itakufaa kuliko inayopanda hadi 250.

Kwa kipimo hicho nazipanga hivi.

1. MIG ya gesi inayokubali pia waya usiotumia gesi

Kama mfuko unaruhusu, nunua hii. MIG ni mashine inayochomelea kwa waya unaoyeyuka na kujaza kiungo; waya usiotumia gesi una dawa ya kuukinga moto ndani yake. Ukibonyeza swichi ya tochi (mpini wa kuchomelea unaoshika mkononi), waya unatoka wenyewe na gesi inaukinga moto dhidi ya hewa, kwa hiyo kazi yako inabaki kuongoza mkono tu. Kwa bati la bodi weka waya wa milimita 0.6, wa 0.8 uwe wa sakafu, vizingiti vya milango na vyuma vinene kidogo. Gesi inayofaa ni agoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi ya asilimia 5 hadi 25. Kaboni dayoksaidi tupu nayo inachomelea, ila inarusha cheche nyingi na moto wake unazama sana, jambo usilolitaka kwenye bati jembamba.

Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha pembeni. Mtambo wa kusukuma waya uwe wa chuma. Wa plastiki hulegea, waya ukaanza kwenda kwa kushtukashtuka, nawe ukadhani mkono wako ndio mbovu. Hakikisha mfereji wa rola unalingana na waya utakaotumia. Angalia pia mashine inabeba koili ya ukubwa gani: zile zinazomeza koili ya kilo moja au pungufu tu zitakufanya ununue waya kwa bei mbaya, afadhali ya kilo 5. Tochi iwe ya kuchomoka, maana ndiyo huchakaa kwanza. Na utafute sehemu ya kugeuza chanya na hasi, kwa sababu waya wa gesi unataka tochi iwe chanya, na ule usiotumia gesi kwa kawaida unataka iwe hasi.

Utaona pia asilimia iliyoandikwa pembeni, kwa mfano 20% kwenye ampea 120. Maana yake, kwa moto huo, katika kila dakika 10 mashine ichomelee 2 na ipumzike 8. Kwa fundi wa mageti hilo ni jambo kubwa. Wewe utakuwa unaweka vidoa vifupi, ukiruka huku na kule ili bati lisipinde, na kuliacha lipoe. Usiongeze pesa kwa ajili ya asilimia.

2. Inverta ya vijiti

Hii inachomelea kwa kijiti cha chuma kilichopakwa dawa, ambacho huyeyuka. Nyepesi, imara, haina mtungi, haiogopi upepo. Kijiti cha milimita 2.5 kinahitaji kama ampea 60 hadi 90, na moto huo kwenye bati la bodi ni maafa. Lakini kwa vishikio vya ekzosti, braketi na vyuma vya milimita 3 kwenda juu, hakuna cha kulalamika. Nyingi zinakubali kufungwa tochi ya TIG (inayotoa moto kwa sindano ya tangsteni isiyoyeyuka, nawe ukiongeza waya kwa mkono wa pili) baadaye, kwa hiyo hujajifungia njia. Kama bajeti haifiki kwenye MIG ya gesi, ningechukua hii, vyuma vinene nifanye mwenyewe, na bati nimpelekee fundi wa bodi.

3. MIG ya waya bila gesi peke yake

Wengi wangeiweka ya pili kwa sababu jina ni MIG na bei ni nafuu. Sikubaliani nao. Waya wake kwa kawaida huanzia milimita 0.8 au 0.9, unawaka kwa ukali, unaacha maganda ya kugonga na cheche zinazoganda kila mahali. Kuanzia milimita 1.5 unaweza kuelewana nayo, hasa nje penye upepo. Tatizo ni kwamba nyingi hazina valvu ya gesi wala njia ya kugeuza chanya na hasi. Ukishaijua kazi, unaanza upya kununua.

TIG ni tamu kuitazama, lakini si ya kuanzia. Inataka chuma kisafi kabisa, mikono miwili na subira, na wewe umelala chali chini ya gari lenye kutu. Isitoshe, ya mkondo wa moja kwa moja (DC) pekee haikufai kwa alumini. Mitungi ya oksijeni na asetilini iache: joto lake linasambaa na kupinda bati, na kuiweka nyumbani ni kutafuta balaa.

Bajeti isiishie kwenye mashine. Tenga ya kofia inayojitia giza yenyewe, yenye giza la namba 9 hadi 13, glovu za ngozi, grainda, na kizima moto cha kukaa karibu. Kabla ya kuwasha, chomoa betri, ondoa zulia na plastiki za upande wa pili wa bati, na usikaribie tangi wala mabomba ya mafuta. Usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini. Ikikutana na moto huo inatoa gesi ya sumu iitwayo fosijini. Nguzo za kati ya milango na mahali pa kufungia mikanda waachie wenye ujuzi, kwani chuma chake kigumu hupoteza nguvu kikipashwa ovyo.

Siku ya kwenda kununua, beba vipande viwili vya bati la milimita 0.8 na uombe kuviunganisha papo hapo kwa moto wa chini kabisa. Ukikatazwa kujaribu, tafuta muuzaji mwingine.