Kwa baiskeli kutoka vilima vya Pugu hadi Salender: uzoefu wangu

Nimezaliwa Kigogo, Dar es Salaam, na Msimbazi niliujua tangu utotoni kama mto wa kukimbiwa. Mafuriko ya Desemba 2011 yalifika dirishani kwa mama, na baadhi ya waliokuwa majirani zetu wakahamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo niliposikia kuna vijana wanaotembeza watu kwa baiskeli siku nzima, kuanzia misitu ya Pugu mto unakoanzia hadi unapoingia baharini penye Daraja la Salender, nililipia siku ileile. Shilingi 65,000: baiskeli, helmeti, mwongozaji, kiingilio cha hifadhi na chakula cha mchana. Maji ya kunywa unabeba mwenyewe, na ubebe mengi. Lita mbili zangu ziliisha kabla ya saa 7 mchana.

Tulikutana Gongo la Mboto saa 12 asubuhi, watu sita. Nashukuru hawakutuanzishia mjini, maana Barabara ya Nyerere na malori yake si mahali pa mtu anayerudi kwenye baiskeli baada ya miaka mingi. Baiskeli ni za gia, mtumba, zimeoshwa na cheni zina mafuta. Mwongozaji, kijana wa Kisarawe, alimrekebishia kila mtu siti yake: unaweka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na mguu unyooke. Ilichukua muda, mmoja wetu akaanza kulalamika kwamba tunachelewa. Mimi magoti yangu yananishukuru mpaka leo.

Kisha mlima. Pugu si Uluguru, lakini kwa mtu wa Kigogo aliyezoea tambarare, ule mwinuko wa kutoka Gongo la Mboto unakwambia ukweli mapema. "Dada, usisubiri mguu ugome," kijana aliniambia. "Shusha gia kabla mlima haujaanza." Nikashusha, nikapata pumzi.

Kilichonishika zaidi njiani ni wale tuliopishana nao. Wauza mkaa walikuwa wanateremka kuelekea mjini na baiskeli za chuma zisizo na gia, magunia yamefungwa nyuma kwa mipira mpaka yanamzidi mwenyewe kimo. Wengine hawaziendeshi kabisa, wanatembea pembeni wameziegemea ili zisiwashinde nguvu. Mwongozaji alishuka kumsalimu mmoja, "Shikamoo mzee," wakaulizana habari za nyumbani kama watu wanaojuana. Tulipoendelea akatuambia kwamba misitu hii imekatwa kwa muda mrefu kwa ajili ya mkaa, na kwamba mkaa hauchomwi bila kuwepo mnunuzi. Hakusema zaidi ya hapo. Jikoni kwangu kuna nusu gunia.

Pale Pugu Kajiungeni tulishika njia ya Kisarawe. Tulipita jirani na Pugu Sekondari, alipokuwa akifundisha Mwalimu Nyerere kabla hajajiuzulu mwaka 1955 ili ashike kazi ya TANU. Tukasimama kidogo Minaki kulitazama bwawa, kisha tukaingia hifadhini. Siku hizi msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, unaitwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu na Kazimzumbwi. Njia ni ya mchanga na mizizi, unaendesha pole pole, na mara ghafla hakuna honi. Kuna mti ambao jina lake la kitaalamu ni Baphia puguensis, yaani umebeba jina la Pugu yenyewe. Kitu kikachakura kwenye majani makavu, mwongozaji akanyoosha mkono tusimame. Sange, mnyama mdogo. Pua ndefu inachokonoa majani, kisha hayupo.

Mapango ya kaolini, ule udongo mweupe, tuliyapita upesi. Ni mashimo ya uchimbaji, ndani ni popo na harufu yao. Wawili wetu waliingia na tochi, sisi wengine tulibaki kivulini.

Halafu tukaacha baiskeli na kushuka kwa miguu bondeni, kwenye kijito. Upana wake unauruka bila kujitayarisha. Maji meupe, mchanga chini, majani yanapita juu. Mwongozaji akasema, "Vijito kama hiki ndivyo Msimbazi." Nikavua viatu nikasimama ndani, nikaona kucha zangu za miguu. Miaka yote niliyoishi kando ya mto huu sijawahi kuona kilichomo ndani yake hata inchi moja. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ratiba, na kijana hakunihimiza. Kwa hilo peke yake nampa sifa zote.

Chakula tulikula Kisarawe kwa mama lishe: ugali, samaki wa nazi, mchicha. Kizuri, kingi.

Sasa lawama. Baada ya chakula tulirudi Pugu na kuteremka njia ya Kifuru kuelekea Kinyerezi. Kwenye mteremko wa kwanza wenye changarawe nilibana breki ya nyuma, mkono ukafika mwisho na baiskeli ikaendelea. Ya mbele peke yake kwenye changarawe inakuangusha. Nikaielekeza kwenye majani pembeni, nikashuka mwili wote unatetemeka. Waya ulikuwa umelegea na raba za breki zimelika mpaka chuma. Mwongozaji aliukaza waya kwa spana, akanipa baiskeli yake na kuchukua yangu, kwa sababu raba za akiba hazikuwepo. Baiskeli ya kukodisha kwenye vilima haiwezi kutoka na raba zilizoisha. Cheni inayong'aa haisimamishi mtu. Niliwaandikia jioni ileile, wakaomba radhi na kurudisha shilingi 15,000. Wewe ukienda, kabla hamjaondoka bana breki moja moja huku unaisukuma baiskeli mbele. Gurudumu likizunguka, ikatae palepale.

Kuanzia Kinyerezi mto unaanza kuwa ule ninaoujua. Segerea bado kuna bustani za mchicha na matembele kando ya maji. Kufika Vingunguti rangi imeshabadilika, na harufu inakufikia kabla ya mto wenyewe. Sehemu hii waandaaji wengine wangeiruka, wakupakie garini mpaka ufukweni. Hawa hawakuiruka, nami nawaheshimu kwa hilo.

Kigogo nikaomba tupite nyumbani dakika tano. Mama alikuwa barazani.

"Shikamoo mama," wakamsalimu wote sita na vumbi lao.

"Marahaba wanangu. Mnatoka wapi na jua hili?"

"Pugu."

Akaleta jagi la maji. Nikamwambia Msimbazi kule juu unaona mpaka mchanga wa chini. Akanitazama, akasema, "Huo mto mwingine." Nikamwonyesha picha ya miguu yangu majini. Akaishika simu muda mrefu.

Jangwani tulipita kukavu, pale ambapo mvua ikizidi mabasi ya mwendokasi husitisha safari. Jua linazama tukawa Salender, mikoko upande mmoja, Daraja la Tanzanite mbele yetu, na maji yaliyotoka Pugu yanatoka polepole kwenda baharini. Simu ilisoma kilomita 57. Nawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa wakibadilisha raba.

Juzi nilimpigia yule kijana kumuuliza kama mama wa miaka 71 anaweza kufika kwenye kile kijito, nikimleta kwa gari mpaka getini. Akasema twende asubuhi kabla ya jua kali, na yeye atakuja na fimbo ya kumshikisha.