Hosteli ya chuo au geto mtaani? Nimekaa kote

Kila msimu wa udahili wadogo zangu wanaoingia mwaka wa kwanza huniuliza swali hilihili, wakae hosteli au wapange chumba mtaani, yaani geto, basi leo naandika liishe. Chuo sikitaji, ni cha umma, kipo Dar es Salaam. Na ukisikia hosteli usianze kuwaza zile za Magufuli pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, majengo 20 yaliyofunguliwa Aprili 2017 kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Yetu ni ya zamani, rangi imeshabanduka.

Kwenye karatasi chumba ni cha watu wanne: deka mbili, meza moja, soketi moja inayogombewa. Usiku mnazidi hapo, kwa sababu ya kubebana. Aliyekosa nafasi anabebwa na rafiki yake mwenye kitanda, wanalala mzungu wa nne kwenye godoro la futi mbili na nusu. Walezi wanajua, kila mtu anajua. Sijawahi kumlaumu anayebebwa. Kodi za mtaani tunazijua.

Kero hasa ni maji. Ghorofani yanapanda alfajiri tu, tena yakijisikia. Kwa hiyo saa kumi usiku pale bomba la chini unakuta ndoo zimepanga foleni bila wenyewe, kila moja imeandikwa namba ya chumba kwa maka peni, na ole wako uisogeze ya mtu. Umeme nao una vituko vyake: mmoja akichomeka koili ya kuchemshia chai, swichi kubwa inajikata, jengo zima giza, na ukiuliza, hakuna aliyekuwa anapika.

Pamoja na hayo yote, mwaka wa kwanza kaa ndani. Bei haina mjadala, geto haliifikii. Ila kwangu kubwa zaidi ni usiku. Kazi za makundi hunoga kuanzia saa nne, watu wameshakula, madesa yametandazwa sakafuni. Takwimu nilizielewa kwa jamaa wa chumba cha mbele. Darasani nilikuwa natoka kapa.

Mwaka wa pili nikahamia geto. Raha ipo, nisiseme uongo: bafu la ndani, unapika unachotaka, unalala kitanda kizima. Lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali naye anataka ya mwezi mmoja yake, na bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa wanafunzi, linaingia kwa awamu. Hata lilipopandishwa kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, ukitoa chakula na nauli hesabu ya kodi haikai. Halafu LUKU ya kuchangia: mwenye friji na mwenye taa moja mnatoa sawa. Na ukiwa chuoni kwenye kazi ya kundi, saa tatu na nusu akili imeshahama, unawaza bodaboda watakutajia bei gani.

Hosteli naipa nyota tatu na nusu kati ya tano, geto tatu. Ukipangiwa ndani, wahi kitanda cha juu. Cha chini ndicho kochi la wageni wote, utakuta shuka lina makombo ya mihogo ya mtu usiyemjua. Njoo na kufuli lako la kabati, na dumu la lita 20 lenye kifuniko.