Nimefua kisu changu mwenyewe Dodoma, huu ndio uzoefu wangu baada ya miezi minne

Kwanza niseme mimi ni mpishi, nina mgahawa mdogo hapa Morogoro, kwa hiyo kisu kwangu sio pambo la ukutani. Nimeshanunua visu vya kila aina, vile vya sokoni vya mpini wa plastiki unanoa asubuhi ikifika mchana hata kitunguu kinakikimbia, na kimoja cha bei mbaya cha dukani kilichokatika ncha kwenye mfupa wa mbuzi wiki ya pili tu. Sasa mdogo wangu anasoma UDOM, akanitumia picha WhatsApp kwamba dada kuna mzee mhunzi huku anapokea wageni wanafua kisu wenyewe, unaanza na kipande cha chuma unaondoka na kisu chenye mpini na ala yake. Sikuchelewa, Ijumaa jioni nikafunga mgahawa nikapanda SGR.

Karakana iko nje ya mji barabara ya Kondoa, unapita Msalato, unapita Makutupora, mbele unaacha lami unaingia vumbi. Ilikuwa Julai, na kama huijui Dodoma ya Julai beba sweta jamani, ule upepo wa asubuhi unaingia mpaka kwenye mifupa afu mchana jua linakuchoma kama sio mahali pale pale. Banda lenyewe ni la mabati, limejengwa karibu na mbuyu mkubwa, watoto wakatupokea na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, nikaitikia "mbukwa" wakafurahi kweli. Tulikuwa wanne, mimi na mdogo wangu na mtu na mke wake kutoka Ufaransa waliokuwa njiani kwenda Kolo kuona michoro ya miambani, ile iliyoingizwa Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Yule baba Mfaransa swali lake la kwanza lilikuwa chuma hiki mzee unachimba wapi. Mzee akamwambia sichimbi, hii ni springi ya Fuso, nainunua kwa wauza chuma chakavu kwa kilo. Nikaona sura ya mgeni imepoa, maana tangazo la yule aliyetuunganisha na mzee liliandikwa kisu cha asili na yeye alikuja na picha yake kichwani. Mimi hapa niko upande wa mzee kabisa. Kuyeyusha chuma kutoka kwenye udongo wazee wetu walifanya, Wafipa walikuwa na yale matanuru marefu ya malungu, kule Katuruka kwa Wahaya chuma kilikuwa kinayeyushwa miaka kama 2000 iliyopita, ila hiyo kazi ilikufa chuma cha viwandani kilipojaa na hakuna haja ya kumdanganya mtu. Kilichobaki cha asili pale ni mkono, umbo la kisu na namna ya kukifunga mpini, na mzee alisema hivyo mwenyewe bila kuulizwa mara ya pili. Mtu mkweli namna hiyo mi namwamini.

Na springi haikuchaguliwa kwa sababu ya umaskini, hilo sikulijua kabla. Alichukua kipande cha nondo ya kujengea na kipande cha springi, akavipasha vyote, akavichovya kwenye oili, akatupatia tupa, ile ya kunolea mapanga, tukwangue. Nondo ikalika kama kawaida, springi tupa ikateleza juu yake kama unakwangua chupa. Akasema nondo haishiki ukali, springi ina kaboni ya kutosha ndio maana inakuwa ngumu. Basi mtu akikuuzia kisu cha nondo ujue ndani ya wiki utarudi kwenye jiwe la kunolea.

Fuawe yake, yaani pale anapogongea chuma, ni kipande cha ekseli ya lori alichokichimbia kwenye gogo. Nikamuuliza mbona hajatafuta kipande cha reli maana nimeona mafundi wengine wanacho, akanijibu mama, chuma cha reli ukikutwa nacho ni kesi, mimi nataka kulala kwangu. Moto ni wa mkaa, upepo unatoka kwenye feni ya kuzungusha kwa mkono iliyofungwa ringi ya baiskeli, lakini ile mivukuto ya ngozi ya mbuzi aliyoachiwa na baba yake bado anayo na alitufungia tukaijaribu. Ni kazi! Mkono wa kulia na wa kushoto vinapokezana bila kuacha, ukikosea mpangilio tu moto unalala. Yule mama wa Kifaransa aliishika haraka kuliko sisi wote.

Kufua kwenyewe sasa. Chuma kinatoka motoni rangi ya chungwa lililoiva, una muda mfupi mno wa kukigonga kabla hakijageuka chekundu cha kuzeeka, na kikishakuwa cheusi unaacha, unarudisha motoni, ukilazimisha kitapasuka. Mzee hasemi sana, anagonga fuawe mara moja na kinyundo chake kidogo pale anapotaka wewe upige na nyundo kubwa, unapiga pale pale. Baada ya nusu saa mkono ulikuwa unatetemeka lakini nilikuwa naiona ncha inatokea kwenye kile kipande, na sijui niielezeje hiyo furaha, ni kama siku ya kwanza ulipopika wali ukaiva wenyewe bila mtu kukusaidia.

Afu nikakiharibu. Nilikuwa naongea na mdogo wangu, nikasahau chuma motoni, ghafla kinatoa cheche nyeupe. Mzee akakitoa, akakiangalia, akakigonga ncha ikamomonyoka kama mkate mkavu. Akasema kimeungua, chuma kilichoungua hakirudi. Nilitaka kulia, kazi ya saa nzima. Hakunigombeza, akakata kipande kingine, akaniambia "safari hii macho kwenye moto, mdomo baadaye". Cha pili nilikifua bila kusema neno na ndicho hiki ninacho.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ya kuchovya. Ana sumaku aliyoitoa kwenye spika mbovu, ameifunga kwenye waya. Unapasha kisu taratibu, unagusisha sumaku, ikiwa bado inanasa unarudisha, ikiacha kunasa ndio wakati wenyewe, unakichovya kwenye kopo la oili, moshi unapanda na unasikia kinalia. Hapo kimekuwa kigumu lakini kinavunjika kirahisi, kwa hiyo unakisugua mpaka king'ae afu unakilaza juu ya bati nene lililopata moto na kukitazama rangi, inaanza njano hafifu, ikifika rangi ya chai iliyokolea kidogo unatoa haraka. Vile visu vinavyokatika ncha kama kile changu cha dukani, mzee anasema vingi hatua hii wameiruka au wameifanya kwa pupa. Mwisho ule mkia wa nyuma unapashwa tena, ukali umefungiwa kitambaa kibichi ili usipate joto, unausukuma kwenye mpini wa mninga, mti unaungua na kushika wenyewe. Ala ni ya ngozi ya mbuzi, ile alishona mzee, muda wetu ulikuwa umeisha.

Na hapo kwenye muda ndipo penye malalamiko yangu. Tangazo linasema masaa manne. Hamna, tulianza saa tatu asubuhi tukamaliza saa kumi na moja jioni, na tulikula hapo hapo kwa mzee, ugali wa uwele na mlenda aliotupikia mke wake, mtamu ajabu. Yule aliyetuunganisha yuko mjini, kila mtu alimlipa 80,000 kwa simu, kumbe mzee anapata 20,000 kwa kichwa na mkaa ananunua mwenyewe. Hilo liliniuma sana. Afu miwani ya kukinga macho ilikuwa moja watu wanne, tukawa tunapokezana. Cheche ni kweli zinaruka, mtandio wangu wa nailoni ulitoboka matundu mawili. Vaa pamba, vaa viatu vya kufunika, nenda na miwani yako. Na kama una mtu Dodoma muombe akupeleke kwa mzee moja kwa moja, umlipe mkononi.

Kurudi nilipanda basi, kisu nikakifunga gazeti nikaweka kwenye begi lililokaa kwenye buti, sikutaka kuulizwa maswali stesheni ya treni.

Sasa miezi minne. Kinakata nyama ya ng'ombe na kuku wa kienyeji kila siku ya Mungu, nakinoa mara moja kwa wiki, ncha ipo nzima. Kinapata kutu, hiyo lazima mjue, binti wangu wa jikoni alikiacha usiku kwenye maji ya nyanya asubuhi kina madoa ya kahawia, nikakisugua na majivu yakatoka. Osha, kausha, pakaa mafuta kidogo ya kupikia, basi. Ila mgongo wake ni mnene, nyanya na matango hakikati vipande vyembamba, kinaponda. Nimeshampigia mzee, ameniwekea kipande chembamba cha springi ya gari dogo, Desemba mdogo wangu akifunga chuo tunakwenda wote na safari hii nimebeba miwani minne, yote nitamwachia.