Utetezi wa haki za Ogiek: nawapa nyota nne

Nyota nne kati ya tano, na ile moja nimeibania, sababu nitaisema. Naongelea kazi ambayo OPDP, lile shirika la Waogiek wenyewe, wakishirikiana na mashirika ya kutetea jamii ndogo, CEMIRIDE la hapa Kenya na Minority Rights Group la kimataifa, wametufanyia sisi Waogiek, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa msitu wa Mau, maana kuna watu kila siku wanauliza eti hawa watetezi wanafanyanga nini zaidi ya semina na chai.

Basi sikieni. Oktoba 2009 watu walipewa notisi ya siku 30 watoke msituni, mwezi uliofuata malalamiko yakapelekwa kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, tume nayo ikaipeleka kesi kwa Mahakama ya Afrika kule Arusha 2012, na hukumu ikatoka 26 Mei 2017. Hiyo ni karibu miaka minane! Wengine wangechoka ama wafadhili wangehamia kitu kingine, lakini hawa walikomaa nayo mpaka korti ikasema wazi kwamba Ogiek ni jamii asilia na serikali ilivunja haki zao za ardhi, dini, utamaduni na maendeleo. Na ile hoja tuliyoimbiwa miaka yote, kwamba ni sisi tunamaliza msitu, ilianguka hapo hapo, korti ilisema serikali haikuleta ushahidi. Hapo ndo nawapa heshima zao zote. Halafu 23 Juni 2022 ikaja ya fidia, Sh57.85 milioni za hasara ya mali na milioni 100 za machungu tuliyopitia, na amri kwamba ardhi ipimwe na tupewe hati kwa jina la jamii.

Kazi ya utetezi ninayoipenda ni ile ya watu kuchora wenyewe ramani ya ardhi yao. Karatasi kubwa inatandikwa chini, wazee wanaanza na mito, ndo wanaweka vilima, ndo mipaka ya koo na mahali kila ukoo ulitundika mizinga. Kwa kikao kimoja mama mmoja alimkatiza mzee akamwambia hicho kijito umekipitisha upande siyo, wakabishana weee, mwisho kikafutwa kikachorwa upya. Hakuna mtu wa kutoka nje aliwasemea. Nikilinganisha na shirika moja sitalitaja, walikuja na tisheti, wakapiga wazee picha, watu wakatia sahihi kwa fomu hata hawajasomewa, na mpaka leo hatujui ile ripoti ilienda wapi. Kama unatafuta watetezi, angalia hiyo kwanza, nani ameshika kalamu.

Sasa ile nyota moja. Kushinda kesi na kurudishiwa ardhi ni vitu viwili tofauti kabisa. Novemba 2023 nyumba zilibomolewa kule Sasimwani, Narok, watu wakalala nje na watoto, na hukumu mbili ziko pale. Waendorois wa Ziwa Bogoria pia, walifukuzwa kuanzia 1973, wakapata uamuzi mzuri wa ile Tume ya Afrika 2010, na kuutekeleza kumekuwa kuvutana tu. Kosa kubwa ni la serikali, hilo silifichi, lakini naona utetezi wote hapa Kenya umeweka nguvu nyingi sana kortini na kidogo mno kwa ile kazi ya kuchosha ya baadaye, kusumbua ofisi za ardhi na za misitu kila wiki, na kukaa na watu kijijini uwaeleze hukumu kwa lugha yao mpaka nyanya wa miaka 80 aweze kumwambia askari wa msitu ni nini korti ilisema.

Kwa Wasengwer, wenzetu wa msitu wa Embobut, na wengine mnaouliza kama inafaa kupeleka kesi na watetezi hivi: ndio, inafaa sana. Katiba kifungu cha 63 kinataja ardhi za mababu na za jamii za wawindaji na wakusanyaji, na sheria ya ardhi ya jamii ya 2016 ipo, shikeni hizo. Ila kabla hamjakubali shirika lolote, waulizeni nani atabaki na nyinyi hukumu ikishasomwa, na kwa miaka mingapi.