Probu ya rodamini ya kupimia zebaki: kwa maji ya mto safi, kwa maji ya plant ya sianidi usiiamini

Wadau, naona watu wengi wanaulizia hii probu, yaani kemikali ya kupimia zebaki iliyotengenezwa kwa rodamini (rangi ya pinki inayong'aa), na wauzaji wao wanasifia tu. Mimi naitumia kwa sampo za maji huku Geita na kiukweli naipenda, ila kuna vitu muuzaji hakwambii.

Ni unga, unauyeyusha kwenye ethanoli kidogo afu unadondoshea kwenye maji uliyoyachuja. Ile molekuli ina pete iliyofungwa, haina rangi, na pembeni ina salfa, sasa zebaki na salfa hazikai mbali, zebaki ikifika inaing'oa ile salfa, pete inafunguka, maji yanakuwa pinki na ukiyamulika na tochi ya kijani yanang'aa rangi ya chungwa. Hapo ndo imenikamata, maana probu nyingine zebaki inazizima, na mwanga ukipungua huwezi kujua ni zebaki au ni tope tu. Hii inawaka pale ambapo hapakuwa na kitu.

Kwa macho tu haitoshi lakini. WHO wanasema maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 6 za zebaki kwa lita, kiwango hicho jicho haliokoti, lazima uwe na fluoromita (mashine ya kupima mng'ao), kwahiyo maji yasipobadilika rangi usimwambie mama wa watu anywe.

Na kubwa kuliko yote, sianidi. Huku kwetu marudio (mchanga wa mawe ya dhahabu unaobaki) yaliyochenjuliwa kwa zebaki mara nyingi yanauzwa kwenye plant za sianidi, zinazotoa dhahabu iliyobakia kwa kemikali hiyo, na sianidi inaishika zebaki kwa nguvu sana, inaificha, probu haiioni kabisa. Yaani maji yenye sumu mbili kwa pamoja ndo yanaonekana masafi! Hili linaniuma sana kwa sababu hayo ndo maji ambayo watu wa jirani wanataka yapimwe. Sampo za hivyo peleka maabara wazichemshe na asidi kwanza, tena kwa mtu anayejua, maana sianidi ikikutana na asidi inatoa gesi inayoua.

Samaki nao msidanganyike. Iliyoumiza watu Minamata kule Japani ilikuwa methili-zebaki (zebaki iliyoungana na kaboni) ndani ya samaki, hii probu inakamata zaidi zebaki ya chumvi iliyoyeyuka. Wale wenye darubini mnaotaka kuangalia ndani ya seli, inaingia vizuri na inawaka, ila seli zina glutathione, kemikali ya asili ya seli yenye salfa yake, nayo inagombania zebaki, basi msisome ule mwanga kama kiasi kamili.

Mto na visima naipa nyota 4 kati ya 5, inakuonyesha haraka sampo ipi ilipiwe mashine kubwa. Plant ya sianidi nyota 1. Itunze gizani, na mabaki usimwage, yaweke kwenye chupa yenye lebo.