Orbitron kwenye bango la duka: iachie jina tu

Mwenye duka la simu kwenye komini za Kenya au Katuba hapa Lubumbashi akiomba herufi za sura ya chombo cha angani, fonti ya kujaribu kwanza ni Orbitron. Ilichorwa na Matt McInerney, ikatolewa na The League of Moveable Type, kundi la wachoraji wa fonti za bure, mwaka 2009. Ni ya bure: unachapa bango, fulana au stika na kulipwa bila kudaiwa na mtu. Kisichoruhusiwa ni kuuza faili la fonti peke yake.

Umbo lake ni la mraba uliolainishwa pembe. Kwa stika za kukatwa na mashine hiyo ni faida kubwa, kwani kwenye kioo ncha kali ndiyo huanza kubanduka.

Shida inaanzia kwenye lugha yetu. A kubwa ya Orbitron haina kilele. Inafanana na mlango uliopigiwa ubao katikati, na Kiswahili kimejaa A. Andika DAWA NA VIFAA, unapata milango mitano kwenye mstari mmoja. Ikikaa karibu na R, kama kwenye BARAKA, abiria aliye ndani ya basi anasitasita kabla ya kusoma. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la Lubumbashi likishika bango, anaacha kabisa.

Tena ni pana mno. QUINCAILLERIE (duka la vifaa vya ujenzi, kwa Kifaransa) yenye kimo cha sentimita 20 inapita mita 2. Wengi hapo huibana kutoka pembeni ili iingie, na ndipo wanapoiharibu: nguzo za wima zinakonda, mistari ya mlalo inabaki minene, na ule unene sawa unaoipa fonti hii uzuri wake unapotea. Afadhali kupunguza kimo. Jina la duka liwe kwa Bold (unene mkubwa) au Black (mnene kuliko wote), walau sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Bidhaa na anwani ziandikwe kwa fonti nyembamba ya kawaida. Namba ya simu usiiandike kwa Orbitron kamwe: 5 inasomeka S, 8 inasomeka B.

Kwenye fulana, Black yenye herufi ndogo huziba matundu ya e na a kwa wino. Tumia Medium, yaani unene wa kati.

Ukiipakua kutoka Google Fonts, fungua folda iitwayo static na uweke faili za humo, maana matoleo ya zamani ya CorelDRAW, programu ya kuchora mabango, hayasomi vizuri lile faili moja linalobeba unene wote. Kabla ya kupeleka flashi kwa mchapaji, chagua maandishi na ubonyeze Ctrl+Q yageuke michoro. Bila hivyo, kompyuta isiyo na Orbitron itaweka fonti nyingine mahali pake. Nakala ya kwanza ihifadhi kando, kwa sababu maandishi yaliyogeuzwa hayasahihishiki tena kwa kuandika.