Uzoefu wangu na kikokotoo cha kusanifu vyombo vya plastiki iliyoundwa kwa joto

Kikokotoo hiki cha jedwali nakitumia kupangia kazi za kuunda plastiki kwa joto, zile ambazo shiti hupashwa hadi ilegee, kisha hewa hunyonywa chini yake ili ilale kwenye kalibu. Nakipenda hasa kwa sababu hakiishii kwenye unene wa wastani.

Hesabu ya wastani ni rahisi. Chukua trei yenye mdomo wa milimita 300 kwa 200, kina 100, kuta wima. Shiti inayofunika mdomo ina milimita za mraba 60,000. Trei yenyewe, kitako na kuta, ina 160,000. Uwiano ni 2.67, kwa hiyo shiti ya milimita 3 inabaki na 1.1 hivi. Lakini hakuna trei inayotoka na unene mmoja kila mahali. Ndani ya kalibu jike, yaani yenye shimo ambamo shiti huzama, plastiki inayogusa ukuta kwanza hupoa na kuganda hapohapo. Kitako, na zaidi zile pembe za chini, hupata kilichosalia tu. Kikokotoo hiki kinafuata mvutano huo hatua kwa hatua na kukadiria unene wa kila kina. Ukiongeza nusu kipenyo cha pembe, unaiona tarakimu ya unene ikipanda palepale. Kwangu hilo pekee linatosha kukinunua, maana chombo kikidondoka, pembe ndiyo hupasuka.

Nguvu ya kubana nayo kinaipata sawasawa: ombwe haliwezi kuzidi shinikizo la hewa, yaani baa 1 hivi, na kwa trei hiyo ni takriban niutoni 6,000.

Kinapopwaya ni kwenye kusinyaa. Kila plastiki imepewa asilimia moja tu, wala hakiulizi kama kalibu ni jike au dume, yaani iliyochomoza na shiti kulala juu yake. Kwenye dume, chombo hupoa kikiwa kimeikumbatia kalibu na kuzuiwa kusinyaa. Kwenye jike hujibandua mapema kikasinyaa zaidi. Kwa ABS, aina ya plastiki inayosinyaa kwa kiasi kidogo, unaweza kuvumilia. Kwa polipropilini, inayofika asilimia 1.5 hadi 2, kifuniko kinaweza kugoma kuingia. Bahati nzuri kisanduku cha asilimia hiyo kinaharirika, nami hujaza asilimia niliyoipima kwenye kipande cha majaribio kilichokwisha kupoa kabisa.

Kwa kazi zinazotumia kisukumio cha kushusha shiti kabla ya ombwe, makadirio yake ya unene usiyategemee: kisukumio hupeleka plastiki nyingi zaidi kitakoni, na hesabu zake hazina nafasi ya hilo.